Fanueli Simbeye na Mjumbe wa Pili

Fanueli Simbeye wa Mpemba, mwendo mfupi kutoka Tunduma, hakuamini jambo lililosemwa mara moja. Mkewe Marita alipomwambia ugali umeiva, aliuliza, "Umeiva?" Marita akijibu umeiva, ndipo aliponawa mikono. Walioana kabla ya vita, wakazaa watoto watano, wa kwanza Ketrina, na Marita hakuzoea.

Majirani walisema ugonjwa huo alirudi nao kutoka Bama, huko Asia, alikokwenda vitani kugonga simu za jeshi, akarudi na cheo cha koplo na koti refu ambalo halikumtoka mwilini hata jua la Oktoba lilipowaka. Walikosea. Ugonjwa aliupata utotoni. Katika ukoo wao, mtu akifa, walitumwa wajumbe wawili, kila mmoja kwa njia yake, bila kuonana barabarani. Wa kwanza akifika alitaja jina la marehemu, jina la mwanawe wa kwanza, na kisima alichoteka maji. Wenyeji waliyarudia yote mbele yake, kisha wakampa kiti na maji ya kunywa, wakakaa kimya. Hapakuwa na ruhusa ya kulia. Mjumbe wa pili akifika na kusema yale yale, ndipo vilio vilipoanza.

Sababu ya ukali huo Fanueli aliishuhudia kwa macho yake akiwa na miaka saba. Mlevi mmoja alivuka mpaka peke yake akaleta habari kwamba mjomba wao Sichone amefariki huko Isoka. Watu walinyoa vichwa, wakalia siku mbili, wakachinja dume la ng'ombe. Siku ya tatu mjomba Sichone akaingia uani kwa miguu yake, akauliza nani amefiwa. Alipoelezwa hakukasirishwa na kifo chake. Alikasirishwa na kukuta ini limekwisha.

Mwaka 1947 Fanueli alipewa kazi ya karani wa simu za kugonga kwa waya Tunduma. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kigongeo cha shaba, betri za chupa zilizopangwa rafuni, na kiti. Kiti hicho kilikuwa cha mninga, kina mikono na mgongo, na Tunduma nzima Mwafrika mwingine mwenye kiti cha mikono kazini alikuwa karani wa forodha peke yake. Fanueli alikipenda kiti hicho kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda mbao. Jumapili, akitoka kanisani, alipitia dirishani kukitazama. Marita alimwambia kama angekuwa na uwezo angekitolea mahari, naye hakukana.

Kazi aliifanya kwa desturi ya kwao. Mfanyabiashara akitaka kupeleka habari ya magunia 26 ya kahawa, Fanueli aligonga 26, halafu akagonga ishirini na sita kwa maneno, halafu akaongeza kuwa mbili na sita jumla yake ni nane. Kisha akamlazimisha karani wa upande wa pili kumrudishia yote. Tarehe hakuipeleka bila jina la siku. Jina la mtu hakulipeleka bila jina la kijiji. Watu walisimama foleni hadi nje wakisonya. Lakini kwa miaka mitano hapakuwa na gunia lililopotea wala maiti aliyezikwa kabla ndugu hawajafika kwa sababu ya kidole cha Fanueli Simbeye. Hakuna aliyemshukuru. Nani hushukuru kwa jambo ambalo halikuharibika?

Mwaka 1952 jimboni akaja mkuu mpya wa simu, Mwingereza mwembamba ambaye makarani walimbandika jina la Bwana Mkato kabla hajamaliza wiki. Bwana huyu alikuwa akisoma kwa posta masomo ya juu ya nadharia ya kupeleka habari kwa umeme, na somo la kwanza lilimwingia kichwani kwa nguvu kiasi kwamba hakuona haja ya kungoja la pili. Somo hilo lilisema hivi: kile ambacho mpokeaji angeweza kukikisia mwenyewe si habari. Bwana Mkato akaamua kukifuta chote. Jina la siku lilifutwa, maana tarehe inatosha. Majina ya makarani yalifutwa, kila mtu akapewa namba. Fanueli akawa 16. Kurudia kulifutwa, na kumwuliza mwenzako maswali kulifutwa kabisa, kwa kuwa karani mzuri husikia mara ya kwanza. Maombi ya vifaa yasizidi maneno matatu.

Kila mwisho wa mwezi ulibandikwa ukutani mpangilio wa ofisi kwa wingi wa simu zilizopelekwa. Tunduma ilikuwa ya mwisho Agosti, ya mwisho Septemba, ya mwisho Oktoba.

Novemba Bwana Mkato akaja mwenyewe na karatasi ya mtihani. Atakayeshindwa atatoka kitini. Fanueli alikuwa amekesha na kitabu siku kumi kabla ya hapo, akachoma mafuta ya taa ya mwezi mzima, huku Marita akilala amejifunika uso. Swali la tatu lilikuwa na uzito kuliko yote: waya una kelele kwa sababu ya mvua, utafanya nini ili habari ifike? Jibu alilolitaka Bwana Mkato lilikuwa fupi: ongeza nguvu ya betri, punguza maneno. Fanueli alijaza kurasa sita. Alieleza wajumbe wawili, kisima, mtoto wa kwanza, na mjomba Sichone mpaka kwenye ini. Akaeleza kwamba waya ukiwa na kelele inafaa kuongeza maneno, lakini yawe maneno yanayochungana, moja likiharibika jingine lilishitaki. Akamalizia kwa onyo: bondeni karibu na Mlowo kulikuwa na nguzo tatu ambazo vikombe vyake vya udongo, vile vinavyoushika waya usigusane na mti, vilikuwa vimepasuka. Mvua ikinyesha umeme ulivuja hapo. Kwa alama za kugonga, sita ni mstari mmoja na nukta nne, na tano ni nukta tano. Maji yalikuwa yakiumeza ule mstari wa mwanzo ukabaki nukta. Kwa hiyo sita iliingia bondeni ikiwa sita, ikatoka tano.

Bwana Mkato aliweka sifuri juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake neno moja: Refu.

Siku ile ile kiti kilipewa Watson, mtu wa miaka thelathini mwenye njia ya nywele iliyonyooka na vidole vyepesi sana. Fanueli alipewa mkoba wa ngozi, koleo, na vyuma vya kupandia nguzo, awe mtunza waya kutoka Tunduma hadi lile bonde la Mlowo. Alivaa koti lake la Bama, akavifunga vile vyuma miguuni pale pale ofisini mbele ya foleni, akatoka akiliza vyuma kama punda wa misheni. Watu waliosonya miaka mitano wakapata cha kucheka, wakacheka.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuomba vikombe. Aliandika mistari minane, akaeleza ni vikombe gani, vya nguzo zipi, na sita inateswa namna gani. Ofisini wakaipunguza kufuatana na amri: Vikombe vitatu, Tunduma. Januari kifurushi kikafika. Ndani yake mlikuwa na vikombe vitatu vya chai, vyeupe, vyenye maua ya bluu, na visahani vyake. Fanueli aliviweka mezani.

"Vizuri," alisema Marita. "Serikali imetukumbuka."

"Marita, hivi si vya nguzo."

"Nguzo zitakunywea nini? Lete hapa."

Akavipeleka kabatini, na hapo vikakaa.

Februari mwaka 1953 ikaja habari kubwa. Injinia mkuu kutoka Dar es Salaam alikuwa akizunguka nchi kufundisha nadharia mpya ya mawasiliano, na makarani wote wa njia hiyo waliamriwa kukusanyika katika darasa la misheni Mlowo kumsikiliza. Bwana Mkato aliipeleka amri kwa waya, naye alijivunia ufupi wake: MLOWO 26 WOTE. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri.

Watson aliinakili bila kuinua uso. "Tarehe ishirini na tano," alimwambia Fanueli, aliyekuwa akikausha koti mlangoni. "Wewe haikuhusu mzee, lakini ndiyo hivyo."

"Siku gani?"

"Ishirini na tano, nimeshasema."

"Jumatano au Alhamisi? Nani mwingine kasema?"

"Mzee, simu ni simu," alisema Watson, akachana nywele.

Fanueli akavaa koti bichi, akatoka. Alipokuwa akikagua nguzo za Mlowo alikwenda kwa mwalimu wa misheni aliyeombwa darasa, akaonyeshwa barua ya mkono: Alhamisi tarehe 26. Akapita ofisi kwa ofisi kurudi nyumbani akiwaambia makarani. Walimcheka kila mahali. Mtu aliyefukuzwa kwa kuchelewesha simu, sasa anapinga simu kwa miguu.

Basi Jumatano tarehe 25 makarani saba, wamenyoa ndevu na kupiga pasi, waliteremka kwenye malori Mlowo. Wakakuta darasa limefungwa na mbuzi wawili kibarazani. Walingoja mpaka saa nane, wakahamia kwenye pombe ya komoni, wakaimba kidogo, wakarudi kwao jioni wakilaani ofisi ya jimbo.

Alhamisi tarehe 26 injinia mkuu aliingia darasani pamoja na Bwana Mkato, akiwa na ubao wake mwenyewe. Alikuta madawati ya darasa la kwanza yamepangwa vizuri, yote matupu, isipokuwa la mbele. Hapo alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye koti la jeshi, magoti yamemfika kidevuni, vyuma vya kupandia nguzo viko miguuni.

"Wengine wako wapi?" aliuliza injinia kwa Kiswahili chake cha kitabuni.

"Walikuja jana, bwana."

"Kwa nini jana?"

"Waliambiwa jana, bwana. Ilikuwa inanyesha."

Injinia alimtazama Bwana Mkato. Bwana Mkato alitazama mbuzi.

Mtu ametoka Dar es Salaam siku nne kwa gari moshi na lori, hawezi kurudi na hotuba yake tumboni. Injinia akaitoa yote, mwanzo hadi mwisho, kwa mtunza nguzo mmoja. Alisema habari hupimwa kwa kiasi cha mshangao wake. Kinachokisiwa hakina habari ndani yake, hilo ni kweli. Bwana Mkato akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Lakini, aliendelea injinia, hilo ni somo la kwanza tu. Somo la pili ndilo lenye thamani: waya wenye kelele huharibu, na dawa yake si kupaza sauti. Dawa ni kuongeza kwa makusudi vile vinavyoweza kukisiwa, vipangwe kwa akili, ili kimoja kikiharibika vingine vikitaje kosa. Kila waya una kipimo chake cha mwendo. Ukikipita utavuna makosa. Ukikaa chini yake na ukapanga nyongeza zako vizuri, unaweza kuyapunguza makosa kadiri upendavyo. Akaandika ubaoni namba mbili, akazijumlisha, akaandika jumla pembeni. "Mmeona?"

"Nimeona, bwana," alisema Fanueli, maana hakukuwa na mwingine wa kuona. "Kwetu hayo ni mambo ya msiba."

Akaombwa aeleze, akaeleza. Safari hii alipofika kwenye ini injinia alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaacha kucheka, akatoa daftari, akaandika. Aliuliza kuhusu kisima mara mbili. Aliuliza kwa nini wajumbe hawaruhusiwi kuonana njiani, na Fanueli akamjibu kwamba wakionana, kosa la mmoja litakuwa la wote wawili. Injinia aliandika hilo pia, akapiga mstari chini yake. Kisha akaongea na Bwana Mkato kwa Kiingereza, nje, kando ya mbuzi, kwa muda mrefu. Fanueli alirudi kwenye nguzo zake. Mtu hakuambii kitu, na wewe huwezi kumwuliza mzungu anasema nini juu yako.

Mwezi Aprili ikatangazwa kanuni mpya: kuanzia tarehe mosi Julai, kila namba itafuatwa na jumla yake, kila tarehe na jina la siku, na kila simu itarudiwa na mpokeaji. Juu ya karatasi liliandikwa jina la mkuu wa simu wa jimbo aliyeibuni. Mwezi uliofuata Bwana Mkato alipandishwa cheo, akahamishiwa koloni kubwa zaidi. Makarani walimfanyia karamu, wakamwimbia.

Katika Aprili hiyo hiyo ilipita pia simu nyingine, ndogo. Watson aliinakili, akaichoma kwenye msumari pamoja na nyingine za siku hiyo. "Jairo wa Mlowo karudishwa kitini," alisema. "Namba kumi na tano. Yule aliyetolewa kwa kulala juu ya kigongeo, simu zikapita juu yake siku mbili."

Fanueli alikuwa anabadilisha kamba ya mkoba. "Nani mwingine kasema?" aliuliza kwa mazoea.

"Simu ni simu, mzee."

Jambo halikumhusu, akaliacha. Alitoka akaenda zake kwenye mvua.

Alitembea njia ile miaka sita. Goti la kulia lilikufa kwanza, halafu la kushoto. Foleni ya Tunduma ikawa inangoja Watson agonge jumla na jina la siku na kurudiwa, wakasonya vilevile, lakini sasa waliambiwa ni nadharia, wakanyamaza. Watson alipewa cheti kwa kuifuata vizuri kanuni hiyo, akakitundika juu ya kile kiti cha mninga.

Mwaka 1959, siku ya Jumamosi mchana, Raphaeli Nzunda alipita Mpemba. Huyu alikuwa mgonga simu wa jimboni, amestaafu, yuko njiani kwenda kwa dada yake ng'ambo ya mpaka. Marita alimpa chai kwenye kimoja cha vikombe vyenye maua ya bluu, na Raphaeli, akiwa mtu wa kusifia vyombo, aliambiwa kisa chake, akacheka, kisha akamtazama mwenyeji wake kwenye magoti yaliyofungwa vitambaa.

"Ila wewe Baba Ketrina nakustaajabia," alisema. "Ulirudishiwa kiti, ukakikataa. Sisi tulisema Koplo ana kiburi."

"Kiti gani?"

"Cha kwako. Mwaka ule wa injinia. Aliagiza mwenyewe, mbele yangu: mzee yule arudi kwenye kigongeo, afundishe wengine. Nikagonga kwa kidole hiki. Kumi na sita arudi kitini."

Marita aliweka birika chini.

"Uligonga mara ngapi?" aliuliza Fanueli.

"Mara moja. Kanuni ya kurudia ilikuwa bado, ilianza Julai. Na daftari likaandikwa kwamba amri imetekelezwa."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

Raphaeli alifikiri. "Aprili, nani anakumbuka? Ilinyesha."

Marita alianza kulia hapo hapo, kwa sauti, bila kungoja mtu. Fanueli alimshika bega. "Nyamaza, Mama Ketrina," alisema. "Amekuja mmoja tu." Akamrudia Raphaeli maneno yake yote, kwa mpangilio, akamuuliza kama ndivyo alivyosema. Raphaeli akakubali kuwa ndivyo. Fanueli akamwongezea chai, wakakaa kimya.

Jumatatu alikwenda Mlowo. Jairo alikuwa kitini, kidevu kifuani, amelala usingizi mzuri wa mtu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Fanueli aligonga meza.

"Jairo, wewe ulirudishwaje?"

Jairo alipangusa mdomo. "Hata mimi sijui, kaka. Nilitolewa kwa haki yangu. Sikuandika barua, sikumwomba mtu. Nikasema ni Mungu." Akavuta droo, maana ile simu alikuwa ameitunza miaka yote, imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Fanueli aliisoma akiwa amesimama. 15 ARUDI KITINI. Pembeni kulikuwa na saa na tarehe, na alama ndogo ya mkono wa karani aliyeipokea iliyosema waya ulikuwa mbaya, mvua kubwa.

Aliirudia kwa sauti. Akaikunja, akairudisha ndani ya kitabu, kwenye ukurasa ule ule.

"Vipi?" aliuliza Jairo. "Kuna ubaya?"

"Hapana. Endelea kupumzika."

Akateremka bondeni hadi kwenye nguzo zake tatu zilizoigeuza sita kuwa tano, zenye vikombe vilivyopasuka ambavyo alivifunga kwa kitambaa na lami kila masika kwa miaka sita, kitambaa kikaoza kila masika. Katika maisha yake yote alikuwa ameliamini jambo lililosemwa mara moja siku moja tu, pale mlangoni kwa Watson, kwa sababu aliona ni la mtu mwingine. Akavua mkoba, akakaa chini ya nguzo ya kati. Mjumbe wa pili alikuwa amefika na maneno yalikuwa yale yale, kwa hiyo sasa aliruhusiwa, akalia.